Mazutu yakiganda ughaibuni, jibu liko kwenye bidoni la mawese

Ni saa 12 na nusu asubuhi katika soko la Virunga, mjini Goma, na jua bado halijavuka mabati ya vibanda. Mama anayeuza mawese amefungua bidoni la lita 20 lililomfikia jana usiku, ameliinamisha juu ya sufuria, na hakuna kinachotoka. Mafuta yamekuwa uji mzito wa rangi ya chungwa, yameshikamana na kuta za bidoni. Anaingiza kijiti, anakoroga, anainamisha tena. Donge moja linateremka polepole na kukaa katikati ya sufuria bila kusambaa.

Namuuliza kama yameharibika.

“Hapana, mwanangu. Ni baridi tu ya usiku.”

Miaka michache iliyopita nisingesimama hapo. Sisi tuliokulia Goma tumezoea mawese yaliyoganda kama tulivyozoea ukungu wa ziwa. Nilianza kuyatazama kwa jicho jingine tangu usiku mmoja wa Januari, mdogo wangu aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka kando ya barabara huko Marekani. Alikuwa anatetemeka hadi maneno yanakatika.

“Yaya, moteri imezimika. Mazutu imeganda sawa mawese ya asubui.”

Mdogo wangu ni dereva wa lori. Aliondoka Kivu akiwa kijana, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nakivale, Uganda, kisha akapelekwa Fargo, katika jimbo la North Dakota. Wenzake ni wengi. Katika mwaka wa serikali ya Marekani wa 2019, karibu Wakongo 13,000 walipokelewa nchini humo kama wakimbizi, wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Leo Kiswahili kinaimbwa makanisani Iowa, Kentucky, Michigan na Maine, na udereva wa malori ni kazi ambayo vijana wetu wengi wameishika kwa sababu inalipa na haidai miaka ya chuo. Pesa za karo, za dawa na za kodi ya nyumba katika mitaa ya Goma mara nyingi zinatoka kwenye usukani huo. Tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, nyumba nyingi zimeutegemea kuliko zamani. Lori likizimika Dakota, kuna chungu Goma ambacho hakitapanda jikoni.

Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili ya walio kwenye baridi na kwa ajili yetu tulio hapa. Mazutu, yaani dizeli, hayagandi kwa ghafla, wala kwa bahati mbaya. Yanafuata mwendo uleule wa mawese, yanatoa dalili mapema, na karibu kila kinachosaidia ni lazima kifanywe wakati mafuta bado yanatiririka.

Nta iliyojificha ndani

Mawese yanaganda kwa sababu ya kitu kilichomo ndani yake tangu yalipokuwa kwenye tunda la mchikichi. Zaidi ya asilimia 40 ya mafuta hayo ni asidi ya palmitiki, ambayo ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 63 za Selsiasi. Sehemu nyingine ni nyepesi, na kukiwa na joto hiyo nyepesi ndiyo inayoibeba ile nzito. Kule Fizi, ufukweni mwa ziwa Tanganyika, mchanganyiko huo unamiminika bila shida. Ukiupandisha hadi Goma, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku joto linashuka hadi nyuzi 15 au chini yake kidogo, sehemu nzito inajitenga. Inakuwa chembe, chembe zinashikana, na bidoni linakataa kumwaga.

Mazutu nayo yana sehemu yake nzito, nayo ni nta. Ni ya ukoo mmoja na nta ya mshumaa tunaouwasha umeme unapokatika. Viwanda vinavyosafisha mafuta haviiondoi yote, kwa sababu inawaka vizuri ndani ya injini na kuipa nguvu. Kwenye joto letu nta hiyo imeyeyuka kabisa na huwezi kuiona. Kwenye baridi kali inajitokeza kwa hatua tatu, na dereva anayezijua hatua hizo hawezi kushtukizwa.

Hatua ya kwanza ni ukungu. Mazutu yaliyokuwa maangavu kama chai ya rangi yanaanza kuwa na utusitusi, kwa sababu chembe ndogo za nta zimezaliwa ndani yake. Kwa mazutu ya kawaida ya Amerika Kaskazini, yanayoitwa namba 2, hali hiyo inaanza karibu na nyuzi -10, juu au chini kidogo kutegemea kiwanda na majira. Injini bado inafanya kazi.

Hatua ya pili ndiyo inayozima malori. Chembe zinakua, zinakuwa vipande bapa, na vinafika kwenye chujio, ambalo mafundi wetu wanaliita filtri. Chujio la mwisho la lori la kisasa lina matundu ya mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Vipande vya nta vinalala juu ya matundu hayo kama majani makavu juu ya mdomo wa mfereji. Mazutu mengine yote bado ni maji, ila hayana pa kupita.

Hatua ya tatu ni kuganda kwenyewe, tangi zima likawa kama siagi ya Masisi. Wengi wanadhani hapo ndipo hatari inapoanzia. Ukweli ni kwamba lori limekwisha kuzimika muda mrefu kabla ya hapo.

Maabara za Ulaya zina kipimo cha hatua hiyo ya pili, na ni rahisi kukielewa. Wanapoza mazutu nyuzi moja baada ya nyingine, na kila mara wanayavuta kupitia wavu wenye matundu ya mikroni 45. Nyuzi ambayo mililita 20 zinashindwa kupita kwa sekunde 60 ndiyo inayoandikwa kuwa kikomo cha mazutu hayo. Ujerumani, kwa mfano, mazutu yanayouzwa kuanzia tarehe 16 Novemba hadi mwisho wa Februari ni lazima yavumilie hadi nyuzi -20, lakini ya kiangazi yanatakiwa kuvumilia hadi 0 tu. Kituo ni kilekile na pampu ni ileile, ila mafuta yamebadilishwa kufuata majira.

Basi la Brussels

Habari ya mawese na injini ya mazutu ina historia inayotuhusu Wakongo. Rudolf Diesel alifaulu kuendesha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Miaka 3 baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Wakubwa wa makoloni walitega sikio: kama injini inaweza kula mafuta ya mimea, basi Afrika inaweza kujitengenezea nguvu yake, au kuwatengenezea wao.

Tarehe 31 Agosti 1937, mtaalamu G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya Ubelgiji kwa njia ya kubadilisha mafuta ya mimea, yakiwemo mawese, kwa kuyachanganya na pombe ili yawe mepesi na kufaa kwa injini. Katika kiangazi cha mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo yaliyotokana na mawese. Hayo ndiyo yanayoitwa leo biodizeli. Wakati huo Kongo ilikuwa shamba la mawese la Ubelgiji. Kampuni ya Lever ilikuwa imepewa ardhi kubwa tangu mwaka 1911, na wanaume wetu walikuwa wakipanda michikichi kwa lazima na kwa ujira mdogo.

Nakumbusha historia hii kwa sababu ya neno moja lililomo, yaani kiangazi. Biodizeli ya mawese inaanza kuwa na ukungu karibu na nyuzi 13 hadi 16. Ingeweza kuganda hapa hapa Goma, usiku wa kawaida wa Julai. Ya soya inaanza karibu na 0. Jimbo la Minnesota, jirani wa Fargo, linadai kwa sheria mazutu yake yawe na asilimia 20 ya biodizeli wakati wa joto, lakini asilimia 5 tu wakati wa baridi. Dereva anayesoma tangazo la asilimia hizo kwenye pampu anasoma habari za mawese, hata kama hajui.

Digrii 10 zipi?

Siku ile ya Januari, saa chache kabla lori halijazimika, mdogo wangu alikuwa ameniandikia: “Hapa ni digrii 10.” Sikuona tatizo. Asubuhi ya Lubero inaweza kuwa na nyuzi 10, na aliyelala ukingoni mwa volkano ya Nyiragongo, mita 3,470, ameona baridi kali kuliko hiyo. Lakini Marekani wanapima kwa Farenhaiti. Digrii 10 zao ni nyuzi -12 zetu. Digrii 0 yao ni -18. Ikifika -40 vipimo viwili vinakutana, na hapo hakuna tena la kujadili.

Yeye mwenyewe alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja kwenye kazi hiyo, na baridi ile ilikuwa ya kwanza kuikabili akiwa kwenye usukani. Alizijua namba za dashibodi bila kujua zinamwambia nini kuhusu tangi lake. Ndiyo maana namwambia kila kijana anayeanza: andika kwenye karatasi, bandika mbele ya macho yako, kwamba namba ikikaribia 20 ya Marekani ukungu uko njiani.

Kuna pia neno la pili linalopoteza watu wetu. Sisi wa Kongo tunaita dizeli mazutu, mafuta ya gari dogo tunayaita esansi, na petroli kwetu ni mafuta ya taa, kama Kifaransa kilivyotufundisha. Mtanzania au Mkenya akisema petroli anamaanisha esansi. Sasa waweke pamoja kwenye maegesho ya malori huko Iowa, saa 8 ya usiku, na mwenye uzoefu kutoka Nairobi anasikia kijana wa Goma akisema, “Nitatia petroli kidogo ili isigande.” Au kinyume chake, mzee wa Kongo anamshauri kijana wa Mombasa aongeze petroli, na kijana anakwenda kwenye pampu ya esansi.

Tofauti hiyo inaweza kuua. Mafuta ya taa kweli huchanganywa na mazutu wakati wa baridi, kwa sababu nta yake ni kidogo sana. Kila asilimia 10 inayoongezwa inashusha mwanzo wa ukungu kwa nyuzi 1 hadi 2 hivi. Vituo vya kule vinauza pia mazutu namba 1, ambayo ni mepesi karibu sawa na mafuta ya taa na yanavumilia baridi kali sana. Gharama yake ni kwamba yana nguvu pungufu na hayalainishi pampu vizuri, kwa hiyo yanatumika kwa kipimo. Na mafuta ya taa yenye rangi nyekundu, ambayo hayajalipiwa ushuru wa barabara, hayaruhusiwi kwenye lori linalotembea barabara kuu.

Esansi ni habari nyingine kabisa. Zamani madereva waliitia kwenye mazutu, na malori ya zamani yalivumilia. Ya sasa hayavumilii, kwa sababu esansi inakausha pampu na injekta zinazofanya kazi kwa shinikizo kubwa mno. Mbaya zaidi, mvuke wa mazutu hauwezi kushika moto mpaka yapashwe hadi zaidi ya nyuzi 50, lakini mvuke wa esansi unashika moto hata kwenye nyuzi -40. Ukizichanganya, umegeuza tangi la mazutu kuwa tangi la esansi.

Barabara inayovuka majira mawili

Lori la mdogo wangu lilizimika kwa sababu ya mahali lilipojazwa. Barabara kuu namba 35 inaanzia Laredo, mpakani mwa Texas na Mexico, na inaishia Duluth, Minnesota, kilomita 2,500 hivi kuelekea kaskazini. Alikuwa amejaza matangi yote mawili Texas, ambako siku ile watu walivaa mashati. Kansas City aliongeza kidogo tu, akashika barabara namba 29 kuelekea Fargo. Alikuwa amebeba mazutu ya nchi ya joto, yenye nta ya nchi ya joto, akiyapeleka kwenye usiku wa nyuzi -20. Ni bidoni la Fizi limepanda Goma, ila mwinuko ni mkali mara nyingi zaidi.

Alipopita Sioux Falls injini ilianza kukosa nguvu. Akikanyaga, lori halijibu. Alidhani mzigo umekuwa mzito, kisha akadhani ni upepo. Baada ya dakika 20 injini ilizimika yenyewe na hakuweza kuiwasha tena. Aliendelea kujaribu hadi betri ikachoka, kwa kuwa betri nayo kwenye baridi ya namna hiyo inabaki na nusu tu ya nguvu zake. Alikaa hapo hadi asubuhi. Fundi aliyekuja alifungua chujio na kumwonyesha kwa tochi: lilikuwa limejaa kitu cheupe na kizito, kama mafuta ya ng’ombe yaliyopoa sahanini.

Tangu siku hiyo ana utaratibu wake, naye ameniruhusu niuandike.

La kwanza, haingii nchi ya baridi na tangi la nchi ya joto. Anapanga safari ili afike kusini mwa baridi akiwa na mafuta machache, kisha anajaza kwenye kituo cha kaskazini, ambako mazutu yameandaliwa kwa ajili ya hali ya hewa ya hapo.

La pili, anatia dawa ya kuzuia kuganda wakati mafuta bado yana joto, na anaitia kabla ya kujaza tangi ili ichanganyike yenyewe. Dawa hiyo haiondoi nta. Kazi yake ni kuzizuia chembe zisikue na zisishikane, ili zibaki ndogo za kupita kwenye chujio. Chembe zikisha kukua na kushikana, dawa hiyo haina la kufanya. Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa zao: wanainunua baada ya lori kuzimika.

La tatu, anamwaga maji. Chini ya chujio la kwanza kuna kikombe kinachokusanya maji yaliyomo kwenye mazutu, na kina koki ya kuyatolea. Maji yanaganda kwenye nyuzi 0, mapema kuliko nta, na barafu inaziba chujio vilevile. Mara nyingi mtu anasema mazutu yameganda, kumbe ni kijiko cha maji. Kwa sababu hiyohiyo halali na tangi nusu: hewa iliyomo kwenye nafasi tupu ina unyevu, na unyevu huo unageuka matone kwenye kuta za tangi.

La nne, ana machujio mawili mapya, ufunguo wa kuyafungulia, na chupa ya dawa ya dharura, wakati wote, kuanzia Novemba hadi Aprili. Na anapolala mahali penye umeme, anachomeka kipasha injini.

Likishazimika

Lori likishazimika, jambo la kwanza ni kuacha kuliwasha. Kila jaribio linamaliza betri na haliongezi hata tone la mazutu kwenye injini. La pili ni kutoa chujio lililoziba, kwa sababu hata mafuta yakiyeyuka, nta iliyolala humo itachelewa kutoka. Chujio jipya linajazwa dawa ya dharura pamoja na mazutu safi, na dawa nyingine inatiwa kwenye tangi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa hii si ile ya kuzuia. Imetengenezwa ili kuyeyusha nta iliyokwisha kujitenga pamoja na barafu. Madereva wengi wa kule wanazitofautisha kwa rangi ya chupa: nyeupe ni ya kuzuia, nyekundu ni ya kuokoa. Kisha kinachobaki ni joto na subira. Lori likivutwa hadi karakana yenye joto, saa chache zinatosha, na nta inayeyuka yenyewe bila mazutu kuharibika.

Joto hilo lisiwe la moto. Wapo wanaosimulia kwa fahari jinsi walivyowasha karatasi au kuni chini ya tangi. Sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa hili. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya mji, na siku 4 baadaye kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta humo. Aliyeiona siku ile, au aliyempoteza ndugu yake siku ile, hasogezi moto kwenye tangi.

Na dereva naye ni mwili. Injini ikizimika, joto la kabini nalo linazimika. Blanketi nzito, chakula, maji na simu yenye chaji viwe ndani kabla ya safari. Usiingize jiko la makaa kwenye kabini hata kwa dakika 10. Watoto wa Goma na Sake wanafundishwa tangu wadogo kuogopa mazuku, ile gesi inayolala kwenye mabonde na kuua mbuzi na watu bila kuonekana. Gesi ya makaa ndani ya kabini iliyofungwa ni mazuku mengine, nayo haina rangi wala harufu.

Na sisi huku?

Msomaji wa Goma atauliza: yanatuhusu nini, nasi hatuna theluji? Kwanza, fundi akikuambia asubuhi kwamba mazutu ya gari lako yameganda, mwambie atazame tena. Nta ya mazutu haigandi kwenye nyuzi 15. Lakini chujio lako linaweza kuwa limeziba kwelikweli, na sababu zake hapa ni maji na uchafu.

Mazutu yetu yanasafiri mbali. Yanatoka bandari za Bahari ya Hindi, yanavuka mipaka kwenye malori ya matangi, yanakaa kwenye mapipa, na mengine yanamalizia safari kwenye mabidoni ya wale tunaowaita makadafi, wanaouza kando ya barabara. Kila yanapohamishwa yanapata nafasi ya kuingiwa na maji ya mvua, vumbi la lava na kutu. Ndani ya boti za ziwa Kivu unyevu ni wa kila siku. Maji yakikaa chini ya mazutu kwa wiki nyingi, vijidudu vinaota kwenye mpaka wa vitu hivyo viwili na kutengeneza utelezi mweusi unaoziba chujio kama nta inavyoliziba kule Dakota. Grupu, yaani jenereta, ya zahanati ikizimika usiku kwa sababu hiyo, mgonjwa aliye kwenye oksijeni hana muda wa kusubiri.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Jaza mazutu kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, uiinue kwenye mwanga. Yakiwa maangavu, ni dalili njema. Yakiwa na ukungu hapa kwetu, kwenye nyuzi 20, ukungu huo ni maji, wala si nta. Iache chupa isimame usiku kucha na utazame chini yake asubuhi. Bidoni nalo liache litulie kabla ya kumimina, mimina polepole, na mafuta ya chini kabisa, kina cha vidole viwili, usiyatie kwenye mashine. Mwaga maji ya kikombe cha chujio kila wiki, na wakati wa masika fanya hivyo mara nyingi zaidi. Jioni jaza tangi la grupu ili usiku usiliache na hewa yenye unyevu.

Ukitazama vizuri, ni utaratibu uleule wa Fargo: mtazame adui akiwa bado ukungu, na umtoe kabla hajafika kwenye chujio.

Mdogo wangu sasa ana baridi kadhaa nyuma yake. Kila mwaka, mwanzoni mwa Novemba, ananitumia picha ya sanduku la zana: machujio mawili, ufunguo, chupa mbili, blanketi. Haandiki kitu chini ya picha. Nami namwonyesha mama yetu, anaitazama kwa muda, kisha anaendelea na kazi zake akiwa ametulia.

Asubuhi ile sokoni nilikaa hadi jua likafika kwenye bidoni. Wateja wawili walikuja mama akiwa bado anakoroga, wakiwa na haraka ya kwenda kazini, nami nilidhani atawapoteza. Aliacha kijiti, akainama chini ya meza, akatoa chupa zilizopangwa kwenye karatoni, kila moja imejaa mawese hadi shingoni. Alikuwa ameyapima jana saa 10 alasiri, mafuta yalipokuwa bado yana joto la mchana na yanamiminika. Ndani ya chupa nayo yalikuwa yameganda, lakini kipimo kilikuwa tayari. Wateja walilipa, wakaondoka.

Aliziba karatoni, akarudi kwenye bidoni lililofika usiku, akaliinamisha kwa mara nyingine.